Kabla ya kupigwa kalamu

Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne. Karani wa ghala aliiweka mezani, katika mkahawa mmoja wa Changamwe, Mombasa, akaikandamiza kwa kikombe cha chai isipeperushwe na feni. Ilisema kampuni imepoteza imani naye, apite kwa mhasibu achukue kilicho chake, arudishe sare, kitambulisho na simu. Dizeli haikutajwa popote. Na sote wawili tulijua kisa ni dizeli: majuma machache nyuma alikuwa amemweleza meneja kwamba lita zinazotiwa saini kwenye vocha si lita zinazoingia kwenye tangi.

"Ulimwambia lini?" nikamwuliza.

"Mwezi wa pili, mzee. Au wa tatu mwanzoni."

"Kwa barua?"

"Kwanza kwa mdomo. Halafu nikamwandikia kwa WhatsApp."

"Simu iko wapi?"

Akanyamaza. Ilikuwa simu ya kampuni, na alikuwa ameikabidhi langoni asubuhi hiyohiyo pamoja na sare.

Nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi kwa miaka mingi, na barua za namna hiyo nimezisoma nyingi. Sijaona hata moja inayosema: tunakuachisha kazi kwa sababu umefichua wizi. Husema kuchelewa kazini, utovu wa nidhamu, kazi kushuka, nafasi yako imeondolewa. Kwa hiyo anayelipiziwa kisasi asitegemee kinywa cha mwajiri kimpe ushahidi. Ushahidi wake ni tarehe: alisema lini, nani akajua, nini kikafuata na baada ya siku ngapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ya mfanyakazi nayo ni mali. Mtu aliyeanza kuandika kabla hajafungua mdomo huja kwangu na kesi. Aliyeanza kuandika baada ya kupigwa kalamu huja na masikitiko, na masikitiko hayapokelewi kortini.

Ninayoyaeleza hapa ni ya Kenya, kwa sababu ndiko nilikofanyia kazi hii. Jirani zetu wana sheria zao na makataa yao, na usichukue siku zilizotajwa hapa ukazitumia Dar es Salaam au Kampala.

Ujue umesimama juu ya nini

Mswada wa kuwalinda wafichuzi umezungushwa hapa Kenya kwa miaka mingi, na wafanyakazi wengi huamini kwamba bila sheria hiyo hawana kinga. Kinga ipo, ila imetawanyika, na kazi yako ya kwanza ni kujua jambo lako linaangukia wapi.

Kama ni hongo, Sheria ya Hongo ya 2016 ndiyo yenye meno. Inasema anayemfuta mfichuzi, kumshusha cheo, kumhamishia mahali pa kumtesa au kumtisha ametenda kosa la jinai, na faini yake yafika shilingi milioni 1, au kifungo cha hadi mwaka 1, au vyote viwili. Tena sheria hiyohiyo inamtaka kila mwenye mamlaka, serikalini na katika kampuni za watu binafsi, aripoti hongo kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ndani ya saa 24 tangu ajue au ashuku. Lishike hilo vizuri. Ukiwa msimamizi na ukaambiwa umeisaliti kampuni, jibu lako ni kwamba ulitekeleza wajibu wa kisheria, na kunyamaza ndiko kungekuwa kosa.

Kama ni hatari ya mwili, mashine isiyo na kinga, kemikali, vumbi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumfuta au kumbagua mfanyakazi kwa sababu tu amelalamikia usalama wake. Ipo pia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inamkinga anayetoa taarifa aliyoipata kazini ikiwa kuitoa ni kwa maslahi ya umma. Na juu ya zote iko Sheria ya Ajira ya 2007: kumlalamikia mwajiri, au hata kukusudia kumlalamikia, si sababu halali ya kufutwa kazi, isipokuwa ithibitike malalamiko yalikuwa ya ovyo na hayana msingi.

Hapo kwenye "ovyo" na "msingi" watu wengi huanguka. Hutakiwi kuwa na ushahidi wa mwisho kama wa polisi. Unatakiwa kuwa umeona kitu, umekisema kwa nia njema, na umekisema kwa kadiri ulivyokiona. Ukiona lita 200 zimepungua, sema lita 200 zimepungua. Usiseme meneja ni mwizi. Lita unaweza kuzithibitisha, na wizi ni wa wengine kuuthibitisha.

Pa kusemea

Kenya ina jina ambalo kila anayetaka kufichua jambo yafaa alijue: David Munyakei. Alikuwa karani katika Benki Kuu mapema miaka ya 1990, akaona malipo ya kampuni ya Goldenberg yakipita mbele yake, mabilioni ya fidia kwa dhahabu na almasi ambazo nchi haikuziuza. Karatasi zikawafikia wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, kesi ikaondolewa, na kazi hakurudishiwa. Alihamia Mombasa kuanza upya. Alikufa mwaka 2006, hana kitu. Wakati wake hapakuwa na mlango wowote rasmi ambao mtu wa cheo chake angeuingia akatoka salama. Leo milango ipo, na kuipuuza ni kumdharau yeye na nafsi yako.

Anza ndani kama ndani pana mtu asiyehusika na jambo lenyewe: mkaguzi wa ndani, bodi, ofisi ya rasilimali watu. Kama mkubwa wa ofisi ndiye mhusika, nenda nje moja kwa moja. EACC ina mfumo wa kuripoti mtandaoni bila kujitambulisha, na ina ofisi nje ya Nairobi, Mombasa ikiwemo. Mambo ya usalama kazini yana idara yake, mazingira yapo kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, na kodi ipo kwa mamlaka ya mapato, KRA.

Kuripoti bila jina kuna faida na kuna hasara, na hasara yake haisemwi vya kutosha. Ukijificha kabisa, mwajiri naye anaweza kuiambia korti: sikujua ni yeye, basi ningemlipiziaje kisasi? Kwa hiyo ukiripoti kwa siri nje, weka nambari ya taarifa uliyopewa, na siku utakapoanza kuona dalili kwamba umetambuliwa, andika jinsi ulivyotambuliwa: nani alikuuliza nini, wapi, mbele ya nani.

Mitandao ya kijamii iache iwe mwisho kabisa, na hata hapo uwe umeongea na wakili. Video ya dakika moja ya TikTok ikiitwa ya kuchafua jina la kampuni, imempa mwajiri sababu ambayo hakuwa nayo. Nimeona kijana mwenye haki kamili akigeuka mshtakiwa kwa sababu alitukana kwanza na kuripoti baadaye.

Barua, na karatasi usizozigusa

Malalamiko ya mdomo yana thamani siku ile tu. Ukimaliza kumwambia meneja kwa mdomo, mwandikie jioni hiyohiyo, kwa barua au baruapepe, maneno makavu kama haya: "Nathibitisha mazungumzo yetu ya leo asubuhi ofisini kwako. Nilikueleza kwamba vocha tatu za dizeli za wiki hii zinaonyesha lita 600, na kipimo cha tangi nilichochukua mbele ya mlinzi wa zamu kinaonyesha lita 410. Naomba jambo hili lichunguzwe." Hakuna hasira humo. Kuna tarehe, kuna kipimo, kuna shahidi, na kuna ombi. Jaji atakayeisoma miaka miwili baadaye ataelewa bila mtu kumtafsiria. Ikiwa ni karatasi, peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri au itiwe saini ya kupokelewa, urudi nayo nyumbani.

Sasa kuhusu nakala za stakabadhi za kampuni. Kila mtu huniuliza: nipige picha? Jibu langu limebadilika kadiri nilivyoona watu wakiumia. Karatasi inayopita mikononi mwako kwa mujibu wa kazi yako, vocha uliyoisaini mwenyewe, una sababu ya kuwa na nakala yake, na ukiikabidhi kwa mamlaka husika sheria iko upande wako. Lakini kufungua kompyuta ya mhasibu kwa nywila ya kuazima ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018, na kuhamisha orodha ya wateja au faili za wagonjwa kwenye baruapepe yako kunakuingiza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwajiri akikukamata hapo, kesi haitakuwa ya dizeli tena, itakuwa yako.

Njia salama zaidi ni kunakili utambulisho wa karatasi badala ya karatasi yenyewe. Nambari ya vocha, tarehe, kiasi, saini ya nani, imewekwa faili gani. Kesi ikifika kortini, wakili wako anaweza kumtaka mwajiri alete vocha nambari fulani ya tarehe fulani. Asipoileta, ataeleza ilikokwenda. Na ile Sheria ya Data unaweza kuitumia kwa faida yako: inakupa haki ya kuomba taarifa zako mwenyewe zilizo kwa mwajiri, pamoja na tathmini zako za kazi na barua zilizo kwenye faili lako. Ziombe mapema, kabla faili halijaongezewa kurasa.

Daftari lenyewe liwe la kawaida, la shule, la kurasa zilizoshonwa, kwa sababu kurasa zilizoshonwa haziongezwi katikati kwa urahisi. Liweke nyumbani. Usitumie simu ya kampuni wala baruapepe ya kampuni kwa jambo lolote la kujitetea.

Na jambo ambalo ni gumu kumwambia mtu mwenye uchungu: tangu siku uliyofichua, fika kazini mapema. Jaza fomu ya likizo hata ya saa mbili. Mwajiri anayetafuta kosa hutafuta lililo karibu, na la karibu kuliko yote ni daftari la mahudhurio.

Kisasi cha polepole

Kufutwa kazi huja mwishoni. Kabla yake kuna hatua nyingine: unaondolewa kwenye ovataimu, unapewa zamu za usiku mfululizo, unahamishiwa stoo isiyo na kazi, tathmini iliyokuwa nzuri miaka minne inageuka mbaya ndani ya robo moja. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri kuukuu, Owino Uhuru, Mombasa. Alipopewa kazi ya tathmini ya mazingira mwaka 2009 akapendekeza kiwanda kifungwe, aliondolewa kwenye kazi hiyo. Mtoto wake mwenyewe alikutwa na sumu ya madini hayo ya risasi mwilini. Baadaye aliwaongoza wakazi mpaka kortini, na mwaka 2020 wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, ingawa rufaa ziliendelea hadi Mahakama ya Juu mwishoni mwa 2024. Dunia inamkumbuka kwa ushindi huo. Mimi huwaonyesha wafanyakazi ile hatua ya mwanzo, ya kuondolewa kimyakimya kwenye kazi, maana hapo ndipo wengi hudhani bado hakijatokea kitu cha kuandika.

Andika kila badiliko, na uweke mfano wa kulinganisha: nani mwingine wa cheo chako amefanyiwa hivyo? Kama makarani ni watano na wewe peke yako umepoteza ovataimu wiki mbili baada ya barua yako, hiyo ni hoja. Kama wote watano wamepoteza, huna hoja hapo, tafuta kwingine.

Usijiuzulu kwa hasira. Korti zetu zinatambua kwamba mtu anaweza kusukumwa mpaka akaacha kazi, na hilo likahesabiwa kuwa amefutwa, lakini mzigo wa kuthibitisha kwamba mazingira hayakuvumilika unakuangukia wewe. Ukifika kikomo kweli, barua yako ya kuondoka iyataje mambo yaliyokusukuma, moja moja na tarehe zake. Barua ya "asanteni kwa nafasi mliyonipa" imewazika wengi.

Wakikuambia nafasi yako imeondolewa, uliza maswali mawili. Je, chama au wewe, pamoja na afisa wa leba, mlipewa notisi ya angalau mwezi mmoja yenye sababu? Na baada ya mwezi, nani ameketi kwenye kiti chako? Kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake, na malipo yake ya angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi. Kupunguza mtu mmoja, aliyeandika barua moja, kisha kuajiri mwingine, hakusimami mbele ya jaji makini.

Siku ya kikao

Barua ya kutakiwa kujieleza ikifika, ijibu ndani ya muda, kwa maandishi, na ombi la kupewa stakabadhi zinazotumika dhidi yako. Sheria inataka uelezwe tuhuma kwa lugha unayoielewa, na usikilizwe ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua wewe. Nenda na mtu. Hata akikaa kimya muda wote, atakuwa ameona.

Ndani ya kikao, jibu tuhuma waliyoileta kwanza, kikamilifu. Kisha sema, na uhakikishe imeandikwa kwenye kumbukumbu: "Naamini hatua hii imetokana na barua yangu ya tarehe fulani." Wengi huogopa kulisema hilo mle ndani, wakidhani watamkasirisha mwenyekiti. Wakilisema kwa mara ya kwanza kortini, wakili wa kampuni huuliza: mbona hukulitaja siku ile? Kumbukumbu za kikao usizitie saini kabla ya kuzisoma. Kama zimepunguza maneno yako, andika pembeni, kwa mkono, kilichopunguzwa, halafu ndipo utie saini.

Kwa mhasibu ndiko mtego wa mwisho ulipo. Utapewa karatasi inayosema umelipwa kila kitu na huna dai lolote. Korti zimewahi kuzikubali karatasi hizo zikamfunga mfanyakazi aliyezisaini kwa hiari na akijua anachosaini. Ikiwa lazima uchukue pesa, na watoto wanataka kula, andika juu ya saini yako: "Nimepokea bila kuathiri haki zangu." Wakikataa kukulipa kwa sababu ya maneno hayo, andika na hilo.

Makataa, korti na kiasi

Ukitaka njia ya afisa wa leba, peleka lalamiko ndani ya miezi 3 tangu kufutwa. Kortini una miaka 3, na korti zimekataa mara kwa mara kuongeza hata siku moja. Kama mshahara wako wote kwa mwezi hauzidi shilingi 80,000, kesi inaweza kusikizwa na hakimu aliyeidhinishwa, karibu na kwako. Zaidi ya hapo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Usingoje mwaka wa tatu, kwa sababu amri ya kurudishwa kazini nayo haitolewi baada ya miaka 3 tangu kufutwa, na kesi yenyewe hula muda.

Kortini unaanza wewe kuonyesha kwamba ulifutwa isivyo haki, na hapo ndipo tarehe zako hufanya kazi. Kisha mzigo unamhamia mwajiri: athibitishe sababu aliyokuwa nayo siku ile aliyokufuta, sababu ya kweli na ya haki, na utaratibu aliofuata. Kosa alilolivumbua baadaye halimsaidii. Fidia kwa kufutwa isivyo haki ina kikomo cha mishahara ya miezi 12, na jaji huangalia pia ulifanya nini kupunguza hasara yako. Tafuta kazi nyingine, na uhifadhi barua za maombi hata zile zisizojibiwa.

Ujumbe wa WhatsApp na picha za skrini hupokelewa zikiwa na cheti kinachoeleza zilitolewa kwenye kifaa gani na nani aliyezitoa. Mwambie wakili mapema, na usibadilishe simu kabla ya kesi kwisha.

Yule karani hakuwa na simu. Nilimwambia aende nyumbani Mikindani alete kila karatasi yenye mwandiko wake. Alirudi na daftari dogo alilokuwa akiandikia saa zake za ovataimu, kwa sababu walikuwa wakimpunja. Kati ya saa za Jumatano na saa za Alhamisi, kwa kalamu ileile ya buluu, palikuwa na mstari mmoja: "14/2 nimemwambia meneja dizeli. Kasema ataangalia." Barua ya kumfuta ilikuwa ya tarehe 19 Machi. Katikati hapakuwa na onyo, wala kikao, wala barua ya kujieleza.

Tulikwenda kwa afisa wa leba na daftari hilo. Kampuni ilileta wakili, wakili akaomba kuliona, akalipitia ukurasa kwa ukurasa akitafuta mahali palipochanwa. Hakupata. Kikao cha tatu walilipa, na karani akadai kitu kimoja zaidi ambacho ningekisahau mimi: cheti cha utumishi, ambacho sheria inamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi anayeondoka, kinachotaja kazi aliyoifanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Walimpa langoni, ndani ya bahasha iliyofunguliwa. Alikisoma palepale amesimama, akaona tarehe ya kuanza wameikosea kwa mwaka mmoja, akakirudisha kikaandikwe upya.